Pombe na Mahali Pake Unyamwezini

Kwetu visiwani suala la pombe lina swali moja: ni halali au haramu? Jibu lake linajulikana, nami silipingi. Lakini misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na Mgunda Mkali hadi Unyamwezi, ilikuta huko maswali mengine: hunywewa wapi, na pamoja na nani?

Mwaka 1857 Richard Burton alifika Kazeh, penye Tabora ya leo, akapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Katika vijiji vya Wanyamwezi aliziona iwanza, nyumba za watu wote, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Wanaume walishinda humo wakila, wakicheza kamari na kunywa pombe ya mtama. Burton, ambaye kejeli hazikuwa mbali na kalamu yake, aliona uvivu. Mimi naona baraza. Mnywaji alikuwa machoni pa jamaa na majirani. Akivunja heshima usiku, asubuhi atakaa na watu wale wale.

Shambani pombe hiyo hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Unyamwezini na Usukumani, na Igunga iliyo kando ya mbuga ya Wembere imo katika nchi hiyo, mwenye shamba aliwaita watu kulima, kisha akawatolea vyungu. Haukuwa ujira hasa, wala haikuwa karamu tupu. Asiye na akiba ya mtama hakuweza kuita watu; na mtama huo ulitwangwa, ukasagwa na kupikwa na wanawake. Jasho lao lilitangulia jembe la kwanza, ingawa sifa zilimwendea mwenye shamba.

Pagazi aliyeteremka pwani aliyaacha yote hayo nyuma. Huku alikuta tembo la mnazi, la kununua, na wanywaji wenzake hawakumjua baba yake.

Wakati wa Waingereza kikaja kilabu, pamoja na leseni yake na saa zake za kufungua na kufunga, nacho kikabaki baada ya uhuru. Chungu sasa kilikuwa na bei. Wazee wengi wamekilaumu kilabu, na wana haki. Hata hivyo, hapo mpishi alipokea fedha mkononi mwake mwenyewe, na kwa mjane hiyo ilikuwa chumvi, nguo, hata karo ya mtoto. Fedha hiyo ilitoka mfukoni mwa mume wa mwanamke mwingine.