Doa ndani ya lenzi ya kamera: lijue kabla hujashika bisibisi

Nukta nyeusi zikianza kuonekana kwenye picha, wengi huikamata lenzi na kuanza kuisugua. Kwa kamera za kubadilisha lenzi, mara nyingi wanamwonea asiye na hatia. Nukta zinazokaa palepale kila picha, hasa angani au kwenye ukuta mweupe, kwa kawaida ni vumbi lililotua kwenye sensa. Kuhakikisha, weka kamera f/16, piga picha ya anga tupu, kisha badilisha lenzi upige tena. Zikibaki palepale, lenzi haina kesi.

Uchafu ulio ndani ya lenzi kwa kawaida hauonekani kama doa kwenye picha. Kazi yake ni kutawanya mwanga: picha inapauka, weusi unakuwa kijivu, taa za ukumbini zinazungukwa na ukungu. Vumbi kidogo halifanyi hata hayo, hivyo muuzaji wa lenzi ya mtumba anayesema "ni vumbi tu" huenda anasema kweli. Usimwamini, mulika.

Tochi ya simu inatosha

Toa vifuniko vyote viwili na ufungue apacha mpaka mwisho. Lenzi nyingi za zamani zina pete, zungusha hadi namba ndogo kabisa. Nyingi za Nikon za mfumo wa F hujifunga zikivuliwa, ila nyuma kuna kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole. Ingia chumba chenye giza, mulika kwa pembe kutokea nyuma, angalia kwa mbele.

Chembe zilizotawanyika ni vumbi, achana nazo. Utando unaofanana na pumzi kwenye kioo, usiofutika kwa nje, mara nyingi ni mvuke wa grisi ya ndani ya lenzi yenyewe, huo husafishika. Viputo au rangi za upinde wa mvua zinazoanzia ukingoni maana yake gundi iliyobandika vioo viwili imeachia. Hapo kitambaa wala dawa haisaidii, na kama bado hujalipa, rudisha lenzi mezani.

Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, na huyo ndiye wa kuogopwa. Hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu, na kwa miji kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, begi la kamera lililofungiwa kabatini ni nyumba yake kamili. Akikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo, kisha kioo chenyewe. Akiwahiwa, anatoka bila kuacha alama. Akichelewewa, anasafishwa lakini michoro yake inabaki.

Wapo wanaoanika lenzi juani. Jua linaweza kumpunguza kasi, haliondoi alichokwisha kula. Na lenzi iliyoachwa wazi juani hukusanya miale kama kioo cha kukuzia: watu wamewahi kuunguza vitu hivyo.

Kufungua au kutofungua?

Lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, mfano Helios 44-2 ya Urusi ya Kisovieti, mtu mwenye subira anaweza kuifungua kwa kifaa cha kushika vitundu vya pete. Piga picha kila hatua, na uweke alama ya penseli pembeni mwa kila kioo kuonyesha upande wa mbele. Kioo kikirudi kinyume, picha haitakaa sawa tena. Fangasi hufutwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa, ikifuatiwa na alkoholi ya isopropili. Maji hayo yawe kwenye kitambaa, kamwe usimwagie kioo. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha iache mbali, inayeyusha plastiki na rangi.

Lenzi za kisasa zenye mota na kizuia mtikisiko ni habari nyingine. Ndani kuna nyaya bapa laini kama karatasi, na vioo vilivyopangwa kwa vipimo vidogo mno. Hiyo mpelekee fundi, na muulize mapema kama ataipima upya baada ya kuifunga. Kama ni 18-55 iliyokuja na kamera, linganisha kwanza gharama na bei ya nyingine ya mtumba, mara nyingi kununua ni nafuu.

Lenzi iliyopona isirudi kwenye begi la ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli na kipima unyevu kidogo, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka chumba cha AC kwenda kwenye joto la nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, maana umande unaojikusanya kwenye kioo baridi ndio maji ambayo fangasi anayasubiri.