Muziki Wasaidia Kupunguza Maumivu kwa Wagonjwa Mahututi

Mgonjwa mahututi anayepumua kwa msaada wa mashine hawezi kusema anapoumia, kwani mrija umepita kooni mwake. Muuguzi huyatambua maumivu hayo kwa kutazama uso, mijongeo ya mwili na kukaza kwa misuli.

Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya wagonjwa hao, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza watu wazima wasikilizishwe muziki ili kupunguza maumivu, yakiwamo yanayotokana na taratibu za matibabu. Muziki hauchukui nafasi ya dawa, bali huambatana nazo.

Utafiti uliofanyika Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha wagonjwa 373 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Waliojichagulia muziki na wakati wa kuusikiliza walipungukiwa na hofu na kutumia dawa kidogo za kutuliza kuliko waliopata huduma ya kawaida. Dawa hizo zikizidi, huweza kurefusha muda wa mgonjwa kwenye mashine.

Mgonjwa asiyeweza kuchagua husemewa na ndugu zake wanaojua nyimbo anazozipenda. Sauti huwa ya chini, na muziki husitishwa mgonjwa anapoonesha kukerwa.