Undugu wa Njiani

Mteja mwenye njaa alinyoosha sahani akaita, "Mama, n'tilie!" Wito huo ukawa jina la kazi. Katika miaka ya 1980, mishahara ya Dar es Salaam iliposhindwa kufika mwisho wa mwezi, wanawake wengi walitoka na masufuria yao wakainjika kando ya viwanda, karibu na bandari na kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa, wakauza ugali, wali na maharage. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikuwa ikiwasaka watu wa mjini wasio na kazi inayotambulika, na wauza chakula hawakusalimika. Mbele ya askari, muuza chakula alihesabiwa mzururaji. Mbele ya wateja alikuwa mama. Kuli mwenye mvi alimwita mama msichana wa umri wa binti yake, kwa sababu ndiye aliyeshika upawa.

Desturi ya kumpa mtu usiyemjua cheo cha ukoo ni kongwe kuliko jiji lenyewe. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikienda na kurudi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walipita miezi mizima katika nchi za watu. Mgeni asiye na ndugu njiani alikuwa katika hatari: hana wa kumpa maji, hana wa kumuuguza, na akifa hana wa kumzika. Utani ulimpa ndugu hao. Mnyamwezi na Mzaramo waliokutana kwa mara ya kwanza waliweza kutukanana wazi, mmoja akamnyang'anya mwenzake kitu kidogo bila ugomvi, kisha wakala pamoja. Baadhi ya watani walitokana na biashara, wengine na vita, kama Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali kabla ya kutaniana.

Utani ulimvutia hata R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliandika kuhusu utani wa Tanganyika, makabila gani yalitaniana na kwa sababu gani. Upande wa msiba ndio unaostahili kukumbukwa zaidi. Mtani hufika kilioni akaiga mwenendo wa marehemu, akadai ujira kwa wafiwa na kuwachekesha waliokuwa wakilia, na papo hapo hushika kazi nzito za mazishi. Matusi yake yana haki kwa sababu mikono yake ina wajibu.

Kaskazini zaidi, Wamijikenda waliwaita Waswahili wa Mombasa Adzomba, yaani wajomba. Jina hilo halikuwa la adabu tupu. Mataifa kumi na mawili ya Mombasa yalikuwa na mafungamano na jamii za bara: Mataifa Matatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, yalishikana zaidi na Wadigo na Waduruma, na Mataifa Tisa yakawa na wenzao. Kulikuwa na biashara ya nafaka na pembe, kulikuwa na ndoa, na vita vilipozuka kila upande uliutazamia upande wa pili. Mjomba alitarajiwa afungue mlango, kwa hiyo aliyeitwa hivyo alijua anadaiwa nini.

Kisha likaja neno ambalo serikali nzima ililichukua. Chini ya ukoloni, mwanamume mzima mwenye wajukuu aliweza kuitwa boi na kijana wa Kizungu, naye akajibu bwana. Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuja na ndugu. Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilimtaka awahesabu binadamu wote kuwa ndugu zake. Mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Ujamaa, kiongozi wa chama hicho, Julius Nyerere, alieleza kwamba jamaa isiishie kwenye kabila wala kwenye taifa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndugu lilienea kwenye barua za ofisi kwa kifupi cha Ndg., kwenye mikutano ya mashina na bungeni, ambako Spika mwenyewe alikuwa Ndugu Spika. Karani na waziri wakawa na cheo kimoja mdomoni. Hilo lilikuwa jambo kubwa, hata pale ambapo maisha yao hayakulingana.

Katika miaka ya 1990, vyama vingi vikiwa vimerudi, mheshimiwa lilishika nafasi yake bungeni na maofisini. Ndugu lilibaki kwenye vikao vya CCM, chama kilichoirithi TANU, na kwenye kumbi za harusi. Hasara ya mabadiliko hayo ni ya kweli: mheshimiwa hupanda juu, na anayemwita hubaki chini.

Barabarani hakuna aliyengoja amri. Unguja na Pemba husikika yakhe, Mombasa husikika ami, na makanga wa matatu za Nairobi humwita abiria mathe au buda, yaani mama au baba. Dar es Salaam, konda wa daladala husema, "Anko, sogea kidogo, dada akae," na abiria watatu wasiojuana wanakuwa ukoo mmoja hadi kituo kinachofuata.

Kariakoo kuna jambo jingine. Muuza nguo humvuta mpita njia kwa kumwita mchumba au mpenzi, wakati mwingine akimshika na mkono, na wanawake wengi hulichukia jambo hilo, nao wana haki. Anayemwita mwanamke dada amejifunga kuwa kaka, na dada anaweza kumkaripia kwa cheo hicho hicho. Mchumba halimfungi muuzaji kwa lolote. Ndiyo maana wapo wanaolijibu kwa kurudi kwenye ukoo: "Mimi mama yako," na muuzaji mwenye adabu hucheka, huachia mkono, na kuanza upya kwa shikamoo.