Serengeti ilivyosomwa kwa megapikseli tatu

Desemba 2025 kamera ya kidijitali ilitimiza miaka 50. Katika maduka ya simu, kuanzia Lamadi hadi Bariadi, mnunuzi bado anaanza na swali moja: ina megapikseli ngapi? Muuzaji anataja 50, 108, hata 200, na bei inapanda kuifuata namba. Kijana wa Mwamanyili, wilayani Busega, anayekusanya fedha ili anunue kamera ya kupigia harusi na picha za pasipoti anastahili kusikia habari iliyotokea jirani kabisa na kwao, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambayo lango lake la Ndabaka liko hapo hapo Lamadi.

Kwanza chimbuko. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunganisha huko Rochester, Marekani, kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushika mkononi. Kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, kilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak wakauza kamera ya megapikseli 1.3 (pikseli milioni 1.3) kwa wanahabari, mwaka 1999 ikaja Nikon D1 yenye 2.7, na mwaka 2003 Canon wakateremsha bei kwa kamera yao ya 6.3. Kazi ya kusafisha filamu ikaanza kufa, na mashindano ya namba yakashika kasi.

Mashindano hayo yalipokuwa yamepamba moto, Serengeti ilikuwa inapigwa picha kwa namna nyingine kabisa. Utafiti wa simba ulikuwa umeanza huko mwaka 1966 chini ya George Schaller, na tangu 1978 uliongozwa na Craig Packer. Mwaka 2010 mwanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Alexandra Swanson, alitaka kujua jinsi simba, fisi, chui na duma wanavyogawana nchi moja. Akatawanya kamera za mtego 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 kuzunguka Seronera, moja kwa kila kilomita tano za mraba, zikafungwa kwenye miti na nguzo za chuma karibu nusu mita kutoka ardhini. Zilikuwa ndani ya makasha ya chuma, kwa sababu tembo na fisi hawakuziacha salama. Kiumbe chenye joto kikipita, kamera inajifyatua yenyewe, mchana au usiku.

Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimeleta mafungu ya picha milioni 1.2. Sehemu kubwa haikuwa na mnyama hata mmoja: majani yaliyochomwa na jua na kutikiswa na upepo yalitosha kuiamsha kamera. Picha zikawekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, pamoja na wengine wengi wasiojiandikisha, wakazitambua moja moja: huyu nyumbu, huyu pundamilia, huyu nungunungu. Majibu yao yalipojumlishwa na kulinganishwa na ya wataalamu, yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6 katika kutaja aina ya mnyama.

Picha hizo zilikuwa na pikseli 2,048 kwa 1,536. Ni megapikseli tatu na kidogo, kiasi ambacho muuzaji wa simu leo angeona aibu kukitaja.

Habari ikaendelea. Mwaka 2018 Mohammad Sadegh Norouzzadeh na wenzake walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kutambua wanyama hao kwa picha milioni 3.2 za Serengeti. Hata megapikseli tatu zilikuwa mzigo kwa mashine, kwa hiyo kila picha ilipunguzwa hadi pikseli 256 kwa 256, ndogo mara 48 kuliko ya awali. Kompyuta ikatambua aina 48 za wanyama kwa usahihi wa asilimia 93.8. Nimezisoma ripoti zote mbili, ya watu wa kujitolea na ya kompyuta, na kinachojitokeza ni kwamba picha iliwashinda watu pale mnyama alipokuwa mbali mno, alipokatwa na ukingo wa fremu, au usiku ulipommeza. Swala tomi ana mstari mweusi ubavuni na swala granti ana weupe unaopanda juu ya mkia. Mwanga ukikosekana, alama hizo hazionekani hata ukiongeza pikseli mara kumi.

Ndivyo ilivyo pia kwenye ukumbi wa harusi usiku. Simu ya megapikseli 108 ina pikseli zenye upana usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa kawaida huunganisha tisa ziwe moja, ikakupa picha ya megapikseli 12. Kamera ya kihisi kikubwa yenye megapikseli 24 tu ina pikseli ambazo kila moja ina eneo zaidi ya mara 50 ya pikseli ya simu hiyo, na eneo ndilo linalokusanya mwanga. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa vizuri, haihitaji hata robo ya megapikseli. Ya albamu, sentimita 10 kwa 15, inahitaji mbili. Ukurasa wa A4 unahitaji karibu tisa. Fedha inayobaki inunue lenzi na taa.

Kuna mahali namba ina haki yake. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa macho, wakiwa kwenye ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Baadaye hesabu ya nyumbu ikahamia kwenye picha za angani, na huko mnyama mzima ni nukta. Pikseli mbili tatu zaidi zinaamua kama nukta hiyo ni nyumbu au kichuguu. Mpiga picha anayekata kipande kidogo cha picha ili akikuze naye anazihitaji.

Ninachosikitikia ni kwamba kazi hii ya kamera za mtego inajulikana zaidi Minnesota kuliko Busega. Picha za kamera zile, ambazo sasa ni zaidi ya milioni saba, zimewekwa wazi kwa yeyote kuzipakua bure. Watoto wa wafugaji wa Kisukuma wanaoishi kandokando ya hifadhi wangewataja wengi wa wanyama hao bila kufundishwa. Shule za sekondari za Mwamanyili na Lamadi zingeweza kuwa na somo zima la biolojia humo, na kompyuta moja ya kawaida inatosha kuzionyesha.