Valletta: Ya kupanga kabla ya ziara ya kwanza

MJI mkuu wa Malta, Valletta, haufiki kilomita moja mraba, na wakazi wake ni elfu chache tu. Ndio mji mkuu mdogo zaidi katika Umoja wa Ulaya. Mtu mwenye miguu timamu huweza kutembea kutoka lango kuu hadi ngome ya St Elmo, kwenye ncha ya rasi, kwa muda usiozidi nusu saa.

Udogo huo huwadanganya wasafiri wengi wakadhani kuwa ziara yenyewe haihitaji maandalizi. Si rahisi mgeni kupotea Valletta. Anachoweza kupoteza ni pesa zake, tena kabla hajaondoka Nairobi.

Malta imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2007, na Mkenya huhitaji viza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi hutarajiwa kutolewa kwa siku 15, lakini sheria inaruhusu muda huo kufika siku 45. Anayepeleka karatasi zake wiki tatu kabla ya safari anacheza kamari.

Pasipoti sharti iwe na kurasa mbili tupu na ibakie halali kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari isipungue kima cha yuro 30,000. Huulizwa pia taarifa za benki, mahali pa kulala, na ushahidi wa kazi au biashara itakayomrudisha mwombaji nyumbani. Usilipie tikiti isiyorejeshewa pesa kabla ya kupata viza. Nafasi iliyohifadhiwa yatosha kuonyesha mpango wa safari.

Kuna kosa moja ambalo huonekana dogo. Ombi hupelekwa kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Anayepanga siku mbili Valletta na siku sita Paris hana budi kuomba kwa Wafaransa, hata akiamini kuwa Malta haina foleni. Afisa anayesoma ratiba hiyo hujua kuhesabu.

Viza ya kuingia mara moja nayo humalizika pindi utokapo katika eneo hilo. Feri ya kwenda Sicily haina tatizo, kwa kuwa Italia ni ya Schengen. Lakini ukienda London au Tunis, hutaweza kurudi Malta kwa viza ile ile. Ukipitia Frankfurt au Roma, pasipoti hukaguliwa huko kabla ya kufika Malta, kwa hivyo bima na karatasi za hoteli zibebe mkononi, usizifungie katika mzigo. Tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza pia kuchukua alama za vidole na picha za wageni mipakani.

Baada ya hapo, mambo huwa mepesi kwa Mkenya kuliko katika miji mikuu mingi ya Ulaya. Malta ilitawaliwa na Waingereza hadi Septemba 1964, miezi tisa baada ya Kenya kujipatia uhuru. Magari hupita kushoto, plagi za umeme ni zile zile za nyumbani, na Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Sarafu ni yuro.

Kimalta chenyewe kina asili ya Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili atakutana na jamaa zake humo: ktieb ni kitabu, għasel ni asali, sitta ni sita. Bango la kumkaribisha mgeni huandikwa merħba, neno lililo ndugu wa marahaba yetu.

Mji ulianzishwa Machi 1566, mwaka mmoja baada ya wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohana kustahimili mazingira ya jeshi la Waturuki. Ulipewa jina la mkuu wao, Jean de Valette. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, ila ardhi imeinuka na kushuka, na nyingi zimegeuzwa ngazi. Ukisafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, tafuta malazi karibu na Republic Street, kwenye mgongo wa mji. Kutoka bandarini kuna lifti inayopanda hadi bustani ya Upper Barrakka, ambako mizinga hupigwa saa sita adhuhuri.

Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa kati ya 1572 na 1577, lina mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 kuhusu kuuawa kwa Yohana Mbatizaji, ndio pekee aliotia sahihi yake. Sakafu imetandazwa makaburi ya marumaru, kwa hivyo viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi. Jumapili ni siku ya ibada. Watalii waende siku nyingine.

Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na kuta za mawe hulirudisha usoni.

Siku moja na nusu yatosha kwa mji. Siku ya tatu ipelekwe Mdina, mji mkuu wa kale, au Paola kwenye Hypogeum, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo. Huko huingia watu wapatao 80 tu kwa siku, na tikiti hununuliwa wiki nyingi mapema. Inunue mara tu viza inapotoka, kabla hata ya kuchagua hoteli.