KUREKODI PODIKASTI NYUMBANI: Punguza makelele, usiue sauti

Tangu watu wa hapa Moshi waanze kurekodi podikasti majumbani, swali ninaloulizwa kuliko yote si ninunue maiki gani wala nitapataje wasikilizaji. Ni hili: "Makelele nayatoaje?" Jogoo, bodaboda, bati, mbwa wa jirani, spika za baa... Nimejibu mmoja mmoja kwa simu mpaka bando limekata, kwa hiyo naweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku huku.

Kwanza tuelewane. Makelele yapo ya aina mbili. Kuna yale yanayokaa hivyo hivyo muda wote: friji inayonguruma, feni, mlio wa umeme kwenye waya, maji yanayopita kwenye mfongo nyuma ya nyumba kwa wale wa huku juu. Halafu kuna yale ya kuja na kuondoka: jogoo, honi, mtoto, mbuzi, mvua inayozidi na kupungua. Programu za kompyuta zinaziweza zile za kwanza. Za pili haziziwezi, au zinaziweza kwa kukuharibia sauti yako. Sababu ni rahisi tu. Programu inasikiliza sekunde chache za makelele matupu, inayakariri, kisha inayatoa kwenye rekodi nzima. Friji ya dakika ya kwanza na ya dakika ya ishirini ni ile ile. Jogoo akiwika mara mbili, zile ni sauti mbili tofauti, na ya pili programu haikuikariri.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Najua watu hawapendi kusikia hivi, wanataka jina la programu. Litakuja.

MAIKI NA MDOMO

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kusogea. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapanda kwa desibeli 6 hivi, wakati friji imebaki pale pale. Mtu anayeweka simu mezani sentimita 60 kutoka mdomoni, akiisogeza hadi 30 amepata desibeli 6, akifika 15 amepata 12. Hizo 12 hamna programu itakayokupa bila kukuachia kovu. Usiongee moja kwa moja kwenye maiki lakini, iweke pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama ngumi.

Na kama maiki yako ni ile inayosikia mbele tu, mgongo wake uuelekeze kwenye makelele. Nimeona mtu mmoja pale Majengo kakaa amepeana mgongo na dirisha la barabarani, maiki inamtazama yeye na barabara kwa pamoja. Geuza kiti, basi. Bure kabisa.

Wanaotumia simu: weka hali ya ndegeni. Si kwa ajili ya kupigiwa tu. Ule mlio wa "tididi tididi" tunaousikia kwenye redio simu ikikaribia kuita ni simu yenyewe inarusha mawimbi kwa mafungu, mara 217 kwa sekunde, na ukiingia kwenye waya wa maiki hautoki. Kingine, programu za kurekodi zinazokuja na simu nyingi zinajipandishia sauti zenyewe ukinyamaza. Ndiyo maana ukipumzika kidogo nyenje wa nje wanakuja juu kama wamealikwa. Tafuta inayokuruhusu kuzima hiyo tabia, na inayohifadhi WAV.

BATI

Hapa ndo penyewe. Wenzetu wanaoandika maelekezo huko Marekani hawajui kitu kinachoitwa mvua ya Machi hadi Mei juu ya bati lisilo na silingi bodi. Upande wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi, na kwenye ukanda wa msitu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu wa Kibosho, Machame au Marangu akikuambia leo hawezi kurekodi, mwamini.

Mvua kwenye bati haisafishiki. Ina sauti nene na nyembamba zote kwa pamoja, imekaa juu ya maneno yako yote, na haitulii. Subiri ipite. Kama haiwezekani, tafuta chumba chenye silingi, au hata nyumba ya jirani yenye silingi. Zile nyumba za zamani za Wachagga zilizoezekwa kwa nyasi na majani ya migomba zilikuwa studio nzuri kuliko hizi zetu za bati, mvua ilikuwa inaanguka kama kwenye godoro. Tumepata bati tumepoteza ukimya... haya, tuendelee.

Suala la muda. Usiku wengi wanadhani ndio kimya. Mjini inategemea baa iko wapi. Huku juu kuna vyura, nyenje, na kama uko karibu na msitu kuna perere. Asiyemjua perere: ni mnyama mdogo wa mitini, mkubwa kidogo kuliko sungura, ila akilia usiku utasema kuna mtu anakabwa. Alfajiri ni jogoo, kisha adhana, kisha kengele, kisha bodaboda wanawasha. Mimi nimeona muda mzuri ni mchana kati ya saa nane na saa tisa na nusu, watoto bado shule na watu wamepumzika baada ya chakula. Siku ya kazi, siyo Jumamosi. Jumamosi ina harusi.

Trei za mayai nazo. Wadau, trei za mayai hazizuii makelele. Narudia, hazizuii. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Bodaboda anapita kwenye trei kama hazipo, na zikishika moto ni hatari. Kinachozuia sauti isiingie ni uzito: ukuta mnene, mlango mzito, dirisha lililozibwa. Kinachopunguza mwangwi ni vitu laini na vinene: godoro lililosimamishwa nyuma yako, blanketi, makoti. Nenda soko la Memorial ukanunue makoti mazito ya mitumba, yale ambayo watu wanaona hayavaliki huku kwetu kwa joto, yatundike kwenye kamba pande mbili za meza. Khanga ni nyepesi mno, itakupendezeshea picha tu.

Mwangwi nautaja kwa sababu watu wanauchanganya na makelele. Chumba cha saruji tupu kinafanya sauti iwe kama unaongelea ndani ya pipa, na hicho hakitoki kwa programu ya kutoa makelele. Hiyo ni sauti yako mwenyewe imerudi.

UMEME

Rekodi ikiwa na mnguruma mnene usiobadilika, chomoa chaja ya kompyuta kwanza, rekodi kwa betri. Mara nyingi unakwisha hapo hapo. Ukibaki, kumbuka umeme wetu Tanzania ni hezi 50. Video nyingi za kufundishia zimetengenezwa Marekani, kwao ni 60, na vijana wanafuata vile vile halafu wanashangaa mnguruma haujaguswa. Kwetu unakata 50, halafu 100, halafu 150, kwa mkato mwembamba. Na chini ya hezi 80 unaweza kufyeka yote kwa maongezi ya kawaida. Huko chini kuna malori na upepo kuliko kuna mtu.

Umeme ukikatika, friji na feni zinanyamaza zenyewe. Shida ni jenereta la jirani.

SASA PROGRAMU

Natumia Audacity, ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na kompyuta ya zamani inaiweza. Kabla hujaanza kuongea, nyamazeni wote sekunde 10 hadi 15, maiki ikiwa wazi. Hicho ndicho kipande utakachoiambia programu ikikariri. Unakichagua, unaingia Noise Reduction, unachukua sampuli, halafu unachagua rekodi nzima na kurudi pale pale.

Hapo ndipo watu wanapoua sauti zao. Wanaona namba ya desibeli, wanaweka 24 au 30 kwa sababu wanataka kimya kama kaburi. Weka 6. Sikiliza. Kama haitoshi weka 9. Mimi sijawahi kupita 12 nikafurahi. Na kuna chaguo linaloitwa Residue, wengi hawaligusi, kumbe ndilo la maana kuliko yote: linakusikilizisha kile kinachotolewa. Vaa hedifoni usikilize. Ukisikia friji tu, uko salama. Ukianza kusikia mtu anaongea kwa kunong'ona ndani ya yale makelele, ujue unatupa maneno yake.

Kwa nini maneno? Sikiliza "s", "sh", "f", "th" na "h". Hizi hazitoki kooni kama "a" na "o", ni hewa inayokwaruza. Kwa kompyuta, hewa inayokwaruza na makelele ni ndugu. Ukikaza sana, za kwanza kuondoka ni hizo. Kwenye Kiswahili hasara yake si ndogo: "thamani" na "samani" vinabaki kitu kimoja, "shaka" na "saka" hivyo hivyo, "habari" inakuwa "abari". Kinachobaki kinalia kama vikengele vidogo ndani ya maji. Tatizo hili lipo tangu njia hii ya kutoa makelele kwa kukariri ilipoandikwa na Steven Boll mwaka 1979, zimepunguzwa makali tu.

Na wanaoumia zaidi ni wazee. Mzee hana meno ya mbele, "s" yake tayari ni nyepesi. Huku kwetu kuna bibi mmoja alirekodiwa na wajukuu akisimulia ukoo wao, nani alimzaa nani, kihamba kipi kiligawanywa lini, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kichagga. Wajukuu wakampelekea fundi mmoja wa mjini aisafishe. Akaisafisha kweli. Mfongo hausikiki, kuku hawasikiki, na majina matatu ya mababu hayasikiki. Faili la mwanzo lilifutwa kupata nafasi kwenye simu. Bibi ametangulia mbele ya haki, na ndugu wawili bado wanabishana jina moja pale lilikuwa nani.

Kwa hiyo faili la mwanzo haliguswi. Tengeneza nakala, fanyia kazi nakala. Nusu saa ya WAV ya njia moja, ile ya 44,100 na biti 16, ni kama MB 159. Kadi ya GB 32 inabeba karibu vipindi 200 vya namna hiyo. Hakuna sababu ya kufuta.

Kuna wanaoniuliza kuhusu hizi za akili bandia, kama ile ya Adobe ambayo watu wengi waliifahamu mwishoni mwa 2022. Zinashangaza, sibishi. Sauti ya jikoni inatoka kama ya studio. Ila nyingi ya hizi hazitoi makelele tu, zinaitunga sauti upya kwa kukisia mtu alisema nini. Kwa Kiswahili cha kawaida zinakisia vizuri. Nilipoweka mazungumzo ya Kivunjo, neno moja lilitoka limekuwa neno lingine kabisa, safi na lenye kujiamini. Kwa kipindi cha mpira tumia. Kwa masimulizi ya wazee, au ushahidi wa mtu, mimi siweki. Na kumbuka zile MB 159 utazipandisha kwa bando lako.

Utaratibu wangu ni huu: nafyeka chini ya 80, natoa mnguruma wa 50 kama upo, natoa makelele kwa 6, halafu ndo nasawazisha sauti kubwa na ndogo. Ukisawazisha kwanza utakuwa umeyapandisha makelele pamoja na sauti. Ile ya kufunga sauti kabisa mtu akinyamaza siitumii. Makelele yanayozima na kuwaka kila baada ya sentensi yanachosha kuliko yanayokaa.

Jogoo mmoja katikati ya maongezi muache. Hapa Moshi studio ya Sauti ya Injili ilikuwa inatayarisha vipindi vya Kiswahili vya kurushwa na redio ya Walutheri ya Addis Ababa, iliyoanza 1963 hadi serikali ya kule ilipoichukua 1977, na hao walikuwa na kuta za kazi hiyo. Wewe uko sebuleni. Msikilizaji anajua uko sebuleni. Jogoo akiwika juu ya jina la mtu au tarehe, mwombe mgeni arudie sentensi pale pale, kabla hamjaondoka mezani.

Ukikwama weka kwenye maoni: simu au maiki gani, chumba kina silingi au hakina, na makelele ni ya aina gani kati ya zile mbili. Ukiandika "mbona haifanyi kazi" peke yake nitakupita tu, usinilaumu.