Ukitaka kuijua Mombasa, anza msikitini kabla ya ngome

Mgeni anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza huelekezwa Fort Jesus. Hulipa kiingilio, hupigwa picha kando ya mizinga, hununua kinyago langoni, kisha hurejea hotelini akidhani ameuona mji wa kale. Ukweli ni kwamba ameiona nyumba ya waliouvamia mji. Wenye mji wenyewe amewaacha nje ya lango.

Kosa hilo hurekebishwa kwa miguu. Njia inayofuata ukingo wa bahari, kutoka bandari ya zamani hadi Ras Serani, si ndefu. Asiye na haraka ataimaliza kwa asubuhi moja, mradi aondoke mapema kabla ya jua kuwa kali. La kuzingatia zaidi ni mahali pa kuanzia, kwa sababu mpangilio wa mwendo ndio unaobadilisha hadithi inayosimuliwa.

Pa kuanzia ni Msikiti wa Mandhry, kwenye Barabara ya Mbarak Hinawy. Huu ulijengwa takriban mwaka wa 1570, zaidi ya miaka 20 kabla ya Wareno kuweka jiwe la kwanza la ngome yao, na bado waumini wanaswali humo. Mnara wake mweupe ni mnene chini na hupungua kadiri unavyopanda. Mkabala nao kuna kisima cha maji matamu. Asiye Mwislamu atatosheka kuutazama kwa nje, tena avae mavazi ya heshima, kwani mtaa huu ni makao ya watu na si uwanja wa maonyesho.

Kisima hicho hakiko hapo kwa bahati. Msafiri Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka wa 1331, aliandika kwamba misikiti ya hapa ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na kwamba kila msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili mlangoni ili anayeingia aoshe miguu kwanza. Alipolala hapa, safari ya Vasco da Gama, aliyetia nanga nje ya mji huu Aprili 1498, ilikuwa bado miaka 167 mbele.

Jina la barabara nalo lina kisa chake. Zamani iliitwa kwa jina la Vasco da Gama huyo huyo. Leo inamkumbuka Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani na mwandishi wa kitabu kuhusu Al-Akida na Fort Jesus. Si mara nyingi jina la barabara humtoa mvamizi na kumweka mwanahistoria.

Hatua chache mbele, barabara hufunguka kwenye uwanja wa Government Square, ulio mlangoni mwa bandari ya zamani. Hapa ndipo majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yalipoteremsha tende, mazulia na samaki wakavu kutoka Arabuni na Ghuba, yakasubiri kusi ili yarejee na boriti za mikoko. Bandari ya Kilindini ilipoanza kupokea meli kubwa katika karne ya 20, shughuli hapa zilipungua, ingawa hazikufa. Uliza kwanza kabla ya kutoa kamera.

Kaskazini kidogo mwa uwanja huo, ukingoni mwa maji, limesimama jumba la Leven House. Jina lake limetokana na manowari ya Kapteni William Owen, aliyewasili Februari 1824. Watawala wa Kimazrui, wakimhofia Seyyid Said wa Oman, walimwomba awape bendera ya Uingereza, naye akaipandisha bila kibali cha serikali yake. Kijana aliyeachwa kuusimamia mji, Luteni John James Reitz, alifariki mwaka huo huo kwa homa. Ndiye aliyeachia jina ghuba ya Port Reitz. London iliukataa mpango huo na mwaka wa 1826 bendera ikateremshwa.

Karibu na jumba hilo kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba wa matumbawe hadi majini. Ukisimama hapo na kutazama ng'ambo, upande wa Nyali, utakuwa unaelekea mahali walipozikwa mke na mtoto mchanga wa mmishonari Johann Ludwig Krapf, waliofariki mwaka wa 1844, miezi michache baada ya kuhamia Mombasa. Krapf alibaki. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilijengwa juu ya usemi wa watu wa mitaa hii, yaani Kimvita. Sisi tunaoishi kwa kusahihisha maandishi ya wenzetu hatuwezi kupita hapa bila kukumbuka kinaya kimoja: mkutano ulioamua mwaka wa 1928 kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja ulifanyika papa hapa Mombasa.

Kutoka hapo rejea kusini kwa Ndia Kuu. Pole pole, macho juu. Nyumba zenye roshani za mbao na milango ya kuchonga ndizo mnara halisi wa mji huu, japo hakuna anayetoza kiingilio kuzitazama. Zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti. Chokaa huhitaji kupakwa upya, na boriti ikinyeshewa huoza. Sheria za uhifadhi humzuia mwenye nyumba kubadilisha sura yake apendavyo, lakini gharama ya seremala na fundi wa chokaa ni yake mwenyewe. Ndiyo maana kati ya nyumba mbili za kale utaona ghorofa ya saruji imejipenyeza, nyumba ya tatu ikiwa imefungwa kwa mabati. Kabla ya kumlaumu mwenye nyumba, mtu ajiulize angefanya nini yeye kwa kipato hicho hicho.

Mwisho wa barabara ndipo ngome inapojitokeza, na sasa msomaji anaweza kuingia akijua anaingia wapi.

Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka wa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano aliyewatumikia Wareno. Buruji zake nne, San Felipe, San Alberto, San Mateus na San Matias, zilipangwa ili kila moja iweze kuilinda nyenzake kwa mizinga. Kwa ustadi huo, UNESCO iliiingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2011.

Hata hivyo, mawe hayo hayakuwaokoa wenyewe. Mwaka wa 1631, Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuwamaliza Wareno waliokuwa mjini. Mwaka uliofuata aliihama ngome, nao wakarejea.

Kisha kukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Vitabu vya shule husema Wareno walizingirwa. Visichosema ni kwamba wengi wa waliokuwa ndani walikuwa watu wa Pwani, na kwamba tauni iliwamaliza Wareno hadi, kufikia mwishoni mwa Agosti 1697, kapteni mwenyewe akafa. Kwa wiki kadhaa ngome ya Mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Bwana Daud wa Faza, jamaa zake wachache, na wanawake Waafrika wapatao 50, hadi msaada ulipowasili kwa bahari. Majina ya wanawake hao hayamo katika maandishi yoyote ya ukutani. Waomani walipopenya hatimaye, waliowakuta hai hawakutimia 20.

Ukiwa juu ya ukuta unaoelekea bahari, tazama maji yaliyo chini. Manowari ya Santo António de Taná ilizama hapo mwaka wa 1697 ikiwa katika juhudi za kuikomboa ngome, na wapiga mbizi waliichunguza kuanzia 1977. Baadhi ya vitu vyake vimo katika makavazi ya ngome. Usiondoke pia kabla ya kuona michoro ya makaa na udongo mwekundu iliyoachwa ukutani na askari Wareno, mingi ikiwa ya meli. Ni kazi ya watu waliochoka, waliotamani kwao.

Waingereza nao waliipiga mizinga mwaka wa 1875, kumng'oa Al-Akida aliyemwasi Sultani wa Zanzibar, kisha wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Katika miaka ya karibuni adui amekuwa mawimbi, yaliyokuwa yakila mwamba ulioibeba ngome, na serikali imejenga ukuta mrefu wa kuyazuia. Juhudi hiyo inastahili pongezi. Ni vigumu, hata hivyo, kutolinganisha fedha hizo na boriti zinazooza Ndia Kuu.

Baada ya ngome, pita jengo la mahakama ya zamani la mwaka wa 1902. Ukingo wa bahari hukatika kwa sababu ya klabu, hospitali na Ikulu, hivyo itakubidi ufuate barabara za ndani hadi Mama Ngina. Bustani hii ilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka wa 2019. Kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na upepo. Kuna pia mibuyu mikubwa na mabaki ya kituo kidogo cha ulinzi cha Wareno.

Wengi hukaa hapa bila kujua kwamba kisiwa kilikuwa na miji miwili. Mvita ndio tuliotoka kuutembea. Wa pili, Kilindini, ulikuwa upande huu, na watu wake ni miongoni mwa Thalatha Taifa, ambao pamoja na Tisa Taifa huunda Taifa Kumi na Mbili za Mombasa. Wakazi wake walihamia Mvita, magofu yakafunikwa na bandari na makazi mapya.

Kilichosalia ni Mnara wa Mbaraki, si mbali na kivuko cha Likoni, kando ya mabaki ya msikiti wa karne ya 15. Hauna foleni wala mwongozaji. Ukifika huenda ukakuta chupa tupu za marashi na majivu ya ubani chini yake, vilivyoachwa na watu waliokuja kuomba mizimu. Usiviguse.